Kitovu na Deni

Pwani ina adabu kamili ya msiba. Mtu akifa, mikeka hutandikwa, majirani huacha shughuli zao, vyungu huinuliwa na mikono isiyo ya nyumba ile, na kila aingiaye hutoa ubani wake, hata kama ni shilingi chache zilizofungwa katika pindo la kanga. Mfiwa hatakiwi aseme neno. Hutakiwa akae tu, na watu wakae naye, mpaka hitima isomwe na matanga yaanuliwe. Adabu hii imepimwa na vizazi vingi, na uzuri wake ni kwamba haimtaki mfiwa awe shujaa.

Lakini adabu hiyo humhusu maiti mmoja mwenye jina. Kisima cha mtaa kikigeuka chumvi, vuli ikikosa kuja mwaka baada ya mwaka, malisho yakawa vumbi na kundi la ng'ombe likaanguka mbele ya macho ya mwenyewe, hakuna atandikaye mkeka. Aliyepotewa na vitu hivyo huambiwa neno moja, subira, na aghalabu huambiwa na mtu aliye na maji. Hapo ndipo linapoanza swali gumu la zama hizi ambazo joto linazidi na majira yamevurugika: je, kustahimili kuanguka kwa nchi ni sifa ya moyo wa mtu mmoja, ambayo huyu anayo na yule hana? Au ni kitu kilicho baina ya watu, ambacho mtu peke yake hawezi kuwa nacho, kama asivyoweza kuwa na ujirani akiishi peke yake?

Wapo walioulizwa swali hili kwa ukali kuliko wengi, nao ni watu wa nyanda za juu za Ngorongoro na Karatu, kaskazini mwa Tanzania. Mmoja wa wageni wa kwanza kuandika yaliyowafika alianzia safari yake pwani hii hii. Oscar Baumann, Mwaustria, aliwahi kukamatwa na watu wa Abushiri mwaka 1888, pamoja na Mjerumani Hans Meyer, na kukombolewa kwa fedha. Baadaye alikuja kuwa konsuli wa nchi yake Unguja, na aliandika juu ya Unguja, Pemba na Mafia. Mapema mwaka 1892 aliondoka Tanga na msafara wake, na mwezi wa Machi akateremka ndani ya shimo kuu la Ngorongoro, lile bonde la duara lenye upana wa kilomita zipatazo 20, ambalo kuta zake zina kimo cha mita kama 600.

Aliyoyakuta humo hayakufanana na Wamaasai waliokuwa wakitajwa katika hadithi za misafara. Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoingia pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na mifugo ya jeshi la Italia, ilikuwa imekwisha kupita. Kabla yake ilikuja homa ya mapafu ya ng'ombe, na baada yake ndui kwa watu wenyewe, kisha ukame. Wamaasai waliita majira hayo Emutai, yaani kumalizwa. Baumann aliona wanawake waliobaki mifupa, vijana wa vita waliotambaa kwa mikono na magoti, wazee waliotafuna ngozi na mifupa iliyotupwa. Alikadiria kuwa theluthi mbili za Wamaasai walikufa. Na aliandika jambo ambalo halisahauliki kwa alisomaye: wazazi walikuja kambini na watoto wao, wakitaka kuwauza kwa vipande vya nyama, na walipokataliwa, waliwaficha watoto karibu na kambi, wakaenda zao.

Msomaji wa haraka huona hapo mwisho wa utu. Inafaa kutazama tena. Mzazi aliyemwacha mwanawe karibu na moto wa mgeni hakuwa amemtupa, kwani wa kutupwa huachwa porini. Alimweka mahali palipokuwa na chakula, mbele ya watu asiowajua, ambao walikuwa wamekwisha kukataa, akawalazimisha wamwone. Alikuwa akiomba undugu kwa njia pekee iliyombakia. Katika miaka hiyo hiyo Wamaasai wengi walipeleka wake na watoto kwa wakulima wa jirani, kwa Waarusha huku kusini na kwa Wakikuyu kule kaskazini, wakiwamo wale waliokuwa wakipigana nao jana. Wengine walirudi mvua na ng'ombe waliporudi. Wengine hawakurudi, na hadi leo zipo nyumba za Wakikuyu zinazomtaja bibi wa Kimaasai katika nasaba yao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba watu hao walisimama tena. Haikupita miaka mingi, mifugo ikajaa Ngorongoro. Waliopenda kueleza habari hiyo kwa kusifu ushupavu wa Mmaasai, kifua chake na mkuki wake, wamekosea. Vifua na mikuki vilikuwapo mwaka 1892, navyo havikuzuia kitu. Kilichowarudisha ni taratibu za kupeana, ambazo wageni walichelewa sana kuziona kwa sababu hazina jengo wala bendera. Mtu aliyepoteza kundi lake huenda kwa watu wa ukoo wake, nao humchangia, huyu mtamba, yule ng'ombe wa maziwa, mwingine mbuzi, mpaka awe na kianzio cha kundi. Wamaasai wa Ngorongoro huita mchango huo ewoloto. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba hata Ayubu, ambaye pwani yote humtaja kuwa ndiye kigezo cha subira, mwisho wa kitabu chake alijiwa na ndugu na marafiki, wakala naye chakula nyumbani mwake, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Sehemu hiyo haisemwi sana. Ayubu wa mafumbo ya pwani huvumilia peke yake.

Chini ya mchango wa ukoo kuna jambo jingine la ndani zaidi, nalo ni osotua. Neno hilo maana yake ya kwanza ni kitovu, ule uzi unaomfunga mtoto na mama yake tumboni. Kwa maana ya pili ni ule uhusiano ambao mtu huwa nao na mwenzake wa mbali au wa karibu, wa ukoo wake au wa ukoo mwingine, kwamba mmoja akiwa na haja ataomba, na mwenye nacho atampa. Wafasiri wa Biblia kwa Kimaasai hawakupata neno bora kuliko hilo walipotafuta la kusema agano. Lina masharti machache ila ni mazito. Haombi asiye na haja. Aombaye huomba kadiri ya haja yake, asizidishe. Na kilichotolewa hakihesabiwi, wala hakingojwi kirudi. Aliyepewa ng'ombe watatu hana deni la ng'ombe watatu, ila akimwona mwenzake katika shida, na yeye atatoa kadiri awezavyo. Uhusiano huo hurithiwa na watoto. Wamaasai wana neno jingine kabisa kwa ajili ya deni, esile, na mtu mwenye adabu hachanganyi mambo hayo mawili.

Mzaliwa wa visiwani hahitaji kufafanuliwa sana habari ya kitovu. Huku nako mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Tofauti ni kwamba Mswahili humfunga mtu na ardhi kwa kitovu, na Mmaasai humfunga mtu na mtu. Huenda maana hizo mbili ni moja, na zamani za sasa ndizo zinazozitenganisha.

Kwamba visiwa navyo vilipata kujua tofauti ya kitovu na deni kunaonyeshwa na kimbunga cha Aprili 1872. Kimbunga hicho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ndipo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Miti ilipandwa tena Unguja, na mashamba yakainuka. Mwenye kupenda anaweza kuita huo ustahimilivu. Lakini yaliinuka kwa fedha za mkopo, hata wenye mashamba wengi wakawa mikononi mwa wakopeshaji, na yaliinuka kwa jasho la watumwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wao nao walipatwa na msiba. Kila anapotokea mtu akasifu jamii fulani kwa kuwa imestahimili, ni haki kuuliza ni mgongo wa nani uliobeba.

Swali hilo hilo lina uzito wake Karatu. Msafiri atokaye Arusha hufika Karatu kabla ya kupanda kwenda lango la Lodoare, na mahali hapo mpaka huonekana kwa jicho: upande huu mashamba ya mahindi, ngano na kahawa yamefika hadi ukingoni, na upande wa pili unaanza msitu wa nyanda za juu, mweusi kwa unyevu, umefunikwa na ukungu. Wengi wa wakazi wa Karatu ni Wairaqw, ambao majirani huwaita Wambulu, watu wa lugha ya Kikushi. Kitovu chao kipo kusini, katika mabonde ya Mbulu. Huko, kwa hofu ya Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe, walichimba nyumba zao ndani ya miteremko ya vilima, paa likalingana na ardhi, ili adui apite asione. Walitoka na kuenea kuelekea kaskazini baada ya sotoka kuwavunja Wamaasai, na zaidi katika zama za wakoloni. Basi msiba wa huyu ulikuwa nafasi ya yule. Haifai kulificha jambo hili kwa maneno matamu ya umoja. Watu wawili wanaoishi bega kwa bega wanaweza kuwa na historia ambayo mmoja wao alipumua pale mwenzake alipoanguka.

Wairaqw nao wana njia yao ya kugawana balaa. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi lake. Huwakopesha kwa wengine, mmoja hapa, wawili kule, wa jirani na wa kijiji cha mbali. Aliyepewa hupata maziwa na samadi ya shamba, na mwenye mali hupata usalama, kwani maradhi au wezi wakiingia kwake hawamalizi kila kitu. Jicho la mgeni haliwezi kujua tajiri ni nani kwa kutazama zizi, na huenda hilo nalo ni sehemu ya hekima yake.

Ila kwa wapenzi wa ushairi kuna jambo lao zuri zaidi, nalo ni slufay. Mkutano wa wazee unapokaribia mwisho, mzee mwenye kipawa husimama akaanza kusema kwa mahadhi maombi marefu ya baraka: mvua ije kwa kiasi, maradhi yapite mbali, watoto na ndama wakue, amani ikae kati ya waliogombana. Humtaja Looa, Mungu wanayemtaja kama mama, ambaye jua ni lake. Haisomwi kwenye karatasi. Husukwa papo hapo juu ya kiunzi cha zamani, kama manju wa pwani asukavyo beti mbele ya hadhira. Na waliokaa huitikia pamoja kila baada ya kifungu. Maombi ya mzee peke yake, pasipo waitikiao, hayawi slufay.

Hapo pana jawabu la nusu ya swali. Huzuni ya mtu aliyepoteza shamba kwa korongo lililokula udongo wake, na makorongo Karatu ni mengi na marefu, haiondolewi na slufay. Mvua haina ahadi ya kuja kwa sababu mzee amesema vizuri. Lakini mtu yule amesikia haja yake ikitajwa kwa sauti isiyo yake, kwa lugha ya wingi, na ameitikia pamoja na jirani ambaye labda wana kesi ya mpaka. Hajatakiwa kufungua kifua chake wala kueleza hisia zake. Ametakiwa kuitikia tu. Adabu hii ni ile ile ya mkeka wa matanga, ila hapa inahusu ardhi na mawingu. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi, chini ya miteremko hiyo hiyo, huchezea gizani, usiku usio na mwezi, ngoma yao ya epeme, wanaume wakiingia mmoja mmoja na wanawake wakiimba. Gizani hakuna anayetazamwa usoni. Watu watatu wa lugha zisizohusiana wamefikia maarifa yanayokaribiana.

Nusu ya pili ya swali ni ngumu zaidi. Osotua ilitegemea mambo mawili: kwamba upo upande mwingine wa uzi, na kwamba upande huo haukupatwa. Mwenzi bora wa Mmaasai alikuwa yule aishiye mbali, mahali ambapo mvua ilinyesha mwaka huu. Kwa hiyo uvumilivu wa moyo wake ulikuwa na jiografia. Ulihitaji nafasi ya kuhama, njia ya mifugo, na mtu wa kumwendea. Ukame wa miaka ya 2008 na 2009 uliua mifugo mingi sana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya kwa pamoja, na wenye kuomba na wenye kuombwa walijikuta wamesimama juu ya vumbi moja. Ukame mwingine ulifuata mwaka 2021 na 2022. Joto la dunia, ambalo watu hawa hawakulichangia kwa lolote la maana, linaelekea kufanya kila mtu awe na haja siku moja.

Na nafasi yenyewe imepungua. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye hati ya kukubali kuiacha Serengeti ya magharibi, na mwaka uliofuata likaundwa eneo la hifadhi la Ngorongoro, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo binadamu, mifugo na wanyama pori wangeishi pamoja. Waliokuwa wakiishi ndani ya shimo waliondolewa mwaka 1974. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Wakazi waliokuwa wapatao 8,000 mwaka 1959 wamefika karibu 100,000, na ni kweli kabisa kwamba ardhi hiyo haikuongezeka hata shubiri. Wenye kutetea hifadhi wana hoja ya haki: faru, msitu na chemchemi navyo vinaweza kufa, na vikifa havina ukoo wa kuvichangia mtamba. Lakini ukingoni mwa shimo, kando ya barabara, lipo kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 akihesabu wanyama pamoja na baba yake Bernhard, ambaye naye mabaki yake yaliwekwa hapo mwaka 1987. Ni kumbukumbu ya heshima, na hapana sababu ya kuikejeli. Ila wale waliotambaa humo ndani mwaka 1892 hawana jiwe, na mgeni hupita akadhani nchi hii ilianza kulia mwaka 1959.

Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuhamishia kaya za Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Mkoa ule ule ambao Baumann alianzia, sasa njia ikifuatwa kinyume. Imesema kuhama ni kwa hiari, na imejenga nyumba na kugawa mashamba. Wapo waliokwenda na wapo waliokataa. Msomera nayo haikuwa nyika tupu, ilikuwa na wenyewe. Agosti 2024 maelfu ya waliobaki Ngorongoro walijaa barabarani, wakilalamika kwamba vijiji na kata zao zimefutwa katika orodha na majina yao ya kupigia kura yamehamishwa, na baada ya siku chache Mahakama Kuu mjini Arusha ikaisimamisha amri hiyo. Mzozo haujapata suluhu ya kuridhisha pande zote. Katika hesabu ya kuhama huandikwa vyumba, ekari na fidia, vitu vinavyolipika, yaani esile. Hakuna safu ya kuandikia kwamba mtu ameachana na watu saba ambao angewaendea mwaka wa njaa, na kwamba watu saba hao nao wamempoteza yeye. Familia ikihamia Handeni na ng'ombe wake wote wakiwa hai, bado imepata hasara ambayo itaonekana mwaka ambao mvua haitanyesha Handeni.

Pengine basi uzi wenyewe unapaswa kurefushwa, na kwa kweli umekwisha kurefuka pasipo mtu kuupa jina. Mmaasai wa nyanda za juu, aliyekatazwa kulima, hula mahindi ya Karatu, akiuza mbuzi mnadani ili ayanunue. Mkulima wa Karatu hunywa maji yatokayo msituni, ndani ya mpaka ambao Mmaasai amezuiwa kuutumia apendavyo ili msitu usife. Maji hayo hayo hupenya chini ya ardhi, hushuka upande wa kusini wa mlima Oldeani, yakatoka tena katika chemchemi za Mang'ola karibu na ziwa Eyasi, ambako hayakauki hata kiangazi, na hapo yanagawiwa katika mifereji ya mashamba ya vitunguu. Wahadzabe, waliokuwa na chemchemi hizo kabla ya kitunguu cha kwanza kupandwa, wamesukumwa pembeni. Vitunguu hupakiwa kwenda Arusha, Nairobi, Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi majiko ya visiwani si mwendo.

Kila mmoja katika mnyororo huo hulipa bei na kuhesabu kwamba wamemalizana. Mwaka maji yanapopungua, magunia huwa machache na bei hupanda, na mnunuzi wa Darajani humkasirikia mwenye genge. Mwenye genge hujibu kwamba si yeye, huko vinakotoka mvua imekosekana. Mnunuzi huuliza huko ni wapi. Mwenye genge huashiria kwa mkono upande wa bandarini, ng'ambo ya maji, kisha humpimia robo kilo.